Bernhard Grzimek: Daktari wa Mifugo Aliyeipeleleza Serengeti Kutoka Angani

Na Mwandishi Wetu – MAELEZO, Mara

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, makundi makubwa ya nyumbu huvuka Mto Mara katika eneo la Kogatende na kuelekea Lamai, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa Serengeti. Nje kidogo ya mpaka wa hifadhi ni mashamba, malisho na maboma ya wananchi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Siku hizi hata mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba nyumbu hao ni zaidi ya milioni moja. Hata hivyo, hadi katikati ya miaka ya 1950 hapakuwa na hesabu ya kuaminika ya idadi yao, wala ramani kamili ya njia wanazopita.

Sensa ya kwanza ya kina ya wanyama hao kwa kutumia ndege ilifanyika mwaka 1958. Walioifanya ni baba na mwanawe kutoka iliyokuwa Ujerumani Magharibi, Dkt. Bernhard Grzimek na Michael Grzimek. Mwana alilipa kazi hiyo kwa uhai wake. Baba aliishi miaka 28 zaidi, akawa mmoja wa watetezi wanaojulikana zaidi duniani wa hifadhi za Tanzania, na majivu yake yalizikwa katika ardhi ya nchi hii.

Maisha ya Bernhard Grzimek yanastahili kusimuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, yeye na mwanawe walisaidia kuifanya ndege kuwa chombo cha kudumu cha uhifadhi katika Serengeti. Pili, historia ya hesabu yao inaonesha kwamba jicho la angani, hata likiwa kali namna gani, huona wanyama wangapi wapo lakini halioni daima kwa nini wapo wachache. Jibu la swali hilo la pili lilipatikana ardhini, katika mazizi ya wafugaji wanaopakana na hifadhi.

Kutoka magonjwa ya kuku hadi bustani ya wanyama

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao leo unaitwa Nysa, nchini Poland. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki Bernhard akiwa bado mtoto mdogo. Kijana huyo alisomea udaktari wa mifugo katika miji ya Leipzig na Berlin, na mwaka 1932 alitunukiwa shahada ya uzamivu. Kazi yake ya mwanzo haikuhusu simba wala tembo. Alishughulikia magonjwa ya kuku na ubora wa mayai, kisha akawa mtumishi wa serikali katika wizara iliyosimamia chakula na kilimo mjini Berlin.

Miaka hiyo ilikuwa ya utawala wa Kinazi. Nyaraka zilizochunguzwa baadaye na wanahistoria zinaonesha kwamba Grzimek alikuwa mwanachama wa chama hicho, jambo ambalo baada ya vita hakulikiri. Ni sehemu ya maisha yake ambayo waandishi wa wasifu wake wameendelea kuijadili.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika Ulaya mwezi Mei 1945, Grzimek alikabidhiwa Bustani ya Wanyama ya Frankfurt. Mabomu yalikuwa yameiharibu vibaya, na wanyama waliosalia walihesabika kwa vidole. Wapo waliotaka ifungwe kabisa. Grzimek aliifufua, akaiongoza hadi mwaka 1974, na akaifanya kuwa kitovu cha shughuli zake zote. Kupitia bustani hiyo na Jumuiya ya Zoolojia ya Frankfurt, inayofahamika kwa kifupi kama FZS, alipata fedha, jina na jukwaa la kuitazama Afrika.

Mwaka 1956 alianza kuendesha kipindi cha televisheni kuhusu wanyama, kilichoendelea kwa zaidi ya miaka 30 hadi kifo chake. Mwaka huohuo yeye na Michael, mwanawe wa pili, walitoa filamu iliyoonya kwamba wanyamapori wa Afrika wanakosa pa kuishi. Filamu hiyo ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Berlin na kuwaingizia fedha ambazo hawakuzitarajia. Fedha hizo ndizo zilizowaleta Serengeti.

Mgogoro wa mipaka ya Serengeti

Katika miaka ya 1950, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na ikitawaliwa na Uingereza. Hifadhi ya Taifa Serengeti ilikuwa imeanza kufanya kazi rasmi mwaka 1951, ikiwa imejumuisha pia nyanda za juu za Ngorongoro. Ndani yake waliishi wafugaji wa Kimaasai, na magharibi yake zilikuwapo jamii za Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wakurya, ambao kwa vizazi vingi waliwinda, walilima na kuchunga katika mbuga hizo.

Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilitoa pendekezo la kuipunguza hifadhi hiyo kwa kiasi kikubwa. Pendekezo hilo lilizua mjadala mkali hadi nje ya mipaka ya Tanganyika. Mtaalamu wa ikolojia kutoka Uingereza, Profesa W. H. Pearsall, alitumwa kuchunguza, na taarifa yake ya mwaka 1957 ilipendekeza mpangilio mwingine wa mipaka. Hata hivyo pande zote zilizokuwa zikibishana zilikosa jambo moja la msingi: takwimu. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nyumbu ni wangapi, wanakwenda wapi katika miezi ya mvua na wapi wanapata maji wakati wa kiangazi.

Grzimek alipokuja na wazo la kutumia mapato ya filamu kununua ardhi ya kupanua hifadhi, Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa za Tanganyika wakati huo, Peter Molloy, alimshauri afanye jambo lenye manufaa zaidi, yaani kuwahesabu wanyama na kufuatilia mienendo yao. Kwa eneo pana kiasi hicho, lisilo na barabara katika sehemu kubwa, kazi hiyo isingewezekana kwa miguu wala kwa gari. Ilihitaji ndege.

Ndege iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi

Ndege waliyoichagua akina Grzimek inabeba historia ya zama zake. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1945, Ujerumani ilipigwa marufuku kuunda ndege. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1955, wakati ushindani kati ya Marekani na Muungano wa Kisovyeti ulipokuwa umeigawa Ulaya katika kambi mbili na Ujerumani Magharibi ilipojiunga na Jumuiya ya Kujihami ya NATO. Miongoni mwa ndege za kwanza kuundwa kwa wingi nchini humo baada ya marufuku hiyo ilikuwa Dornier Do 27, na mteja wake mkubwa lilikuwa jeshi jipya la Ujerumani Magharibi. Jeshi lilihitaji ndege ndogo ya mawasiliano na uangalizi, yenye uwezo wa kuruka na kutua mahali pafupi pasipo na uwanja, na kwenda polepole ili aliyemo ndani aone vizuri kilichopo chini.

Miaka hiyohiyo upelelezi wa anga ulikuwa umekuwa silaha kuu ya Vita Baridi. Mwezi Julai 1956 ndege ya Marekani aina ya U-2 iliruka kwa mara ya kwanza juu ya ardhi ya Muungano wa Kisovyeti, ikipiga picha za viwanja vya ndege na mitambo ya kijeshi kutoka kimo ambacho makombora ya wakati huo hayakukifikia. Tarehe 1 Mei 1960 ndege moja ya aina hiyo ilitunguliwa na rubani wake, Francis Gary Powers, akakamatwa, tukio lililovuruga mazungumzo ya wakuu wa mataifa makubwa yaliyopangwa kufanyika Paris. Mwezi Agosti mwaka huo Marekani ilipata picha za kwanza kutoka kwenye setilaiti ya upelelezi. Oktoba 1962, picha zilizopigwa na U-2 juu ya Cuba ziliufikisha ulimwengu ukingoni mwa vita vya nyuklia.

Kazi ya wapelelezi hao, kwa asili yake, ilikuwa ni kuhesabu: ndege ngapi, makombora mangapi, yako wapi, na yamehama kutoka wapi kwenda wapi. Akina Grzimek waliuliza maswali yaleyale, ila walichokuwa wakikitafuta hakikuwa silaha. Ndege yao, yenye viti sita, injini ya nguvu ya farasi 270 na namba ya usajili D-ENTE, ilipakwa milia myeusi na myeupe kama ya pundamilia. Baba na mwana walijifunza urubani, na Desemba 1957 waliirusha ndege hiyo wenyewe kutoka Ujerumani, wakapita juu ya Bahari ya Kati na bonde la Mto Nile hadi Afrika Mashariki. Bernhard alikuwa na umri wa miaka 48. Michael alikuwa na miaka 23.

Kuhesabu kutoka angani

Kituo chao kilikuwa Banagi, kaskazini ya Seronera, mahali palipokuwa na makazi ya askari wa wanyamapori tangu zama za mwanzo za utawala wa Waingereza. Walishirikiana na wahifadhi waliokuwapo, akiwamo Myles Turner, aliyeitumikia Serengeti kwa miaka mingi.

Utaratibu waliotumia ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Eneo liligawanywa katika sehemu, kisha ndege ikaruka chini kwa mistari sambamba, mmoja baada ya mwingine, rubani akishika mwelekeo kwa dira huku watazamaji wakihesabu wanyama upande wa kulia na wa kushoto. Mnyama mmoja mmoja kama twiga hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nyumbu, wanaotembea kwa maelfu, wakiungana na kuachana, wakitimua vumbi na kukimbia wanaposikia mngurumo wa injini. Mtazamaji alilazimika kukadiria kundi kwa makumi au mamia kabla halijapita chini ya bawa.

Kazi ilipokamilika walipata jumla ya wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na pundamilia 57,199. Sehemu kubwa ya waliosalia walikuwa swala. Zaidi ya kuhesabu, walivisha baadhi ya wanyama kola za rangi ili waweze kutambuliwa tena kutoka angani, wakachukua sampuli za udongo na majani, na wakachora ramani za mienendo ya makundi mwezi kwa mwezi. Ndege iliwasaidia pia kugundua kambi za majangili na mistari ya mitego ya nyaya iliyofichwa vichakani, mambo ambayo doria ya miguu ilichukua siku nyingi kuyafikia.

Matokeo yao makubwa hayakuwa idadi peke yake. Ramani zilionesha kwamba mipaka iliyokuwa ikipendekezwa haikufuata nyayo za wanyama. Kwa miezi kadhaa ya mwaka makundi makubwa yalikuwa nje ya mistari iliyochorwa na wanadamu mezani.

Januari 10, 1959

Kazi ilikuwa ikikaribia ukingoni pale msiba ulipotokea. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek alikuwa akirusha ndege hiyo ya milia katika eneo la nyanda za Salei, kaskazini mwa Ngorongoro. Baba yake hakuwamo ndani. Uchunguzi ulionesha kwamba tumbusi, ndege mkubwa mla mizoga, aligonga bawa na kukwamisha nyaya za kuongozea ndege. Ndege ilianguka na Michael akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ambapo hadi leo wageni wanaoelekea Serengeti hupita na kuuona mnara wa mawe wa kumbukumbu yake. Bernhard alirejea kazini. Alikamilisha filamu na kitabu walivyokuwa wakiviandaa pamoja, vyote vikibeba wito kwamba Serengeti isife. Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1959 na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya makala. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani, hapo ndipo jina la Serengeti lilipoanza kufahamika.

Uamuzi wa mipaka, hata hivyo, haukungoja kitabu wala filamu. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitenganishwa na kuwa eneo la hifadhi lenye matumizi mseto, na wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walitakiwa kuhamia huko. Kwa upande wa kaskazini, hifadhi iliongezewa ardhi hadi mpaka wa Kenya. Katika miaka ya 1960 pembe ya Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, nayo iliongezwa.

Kwa wananchi wa maeneo ambayo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti, mabadiliko hayo hayakuwa mistari ya ramani tu. Familia zilizokuwa zikiishi, kulima au kuchunga ndani ya maeneo yaliyoongezwa zililazimika kuondoka, na wawindaji wa jadi wakajikuta wakiitwa majangili katika ardhi ya babu zao. Grzimek mwenyewe aliamini kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kuwa na makazi ya watu kabisa. Msimamo huo ulisaidia kuilinda Serengeti dhidi ya kugawanywa vipande vipande, lakini umekosolewa na wanazuoni wengi kwa kutotoa nafasi ya kutosha kwa watu walioishi na wanyama hao kabla ya kuwapo kwa hifadhi. Kutoka angani, vijiji vilionekana kama nukta. Haki na historia za waliomo hazikuonekana.

Kile ambacho ndege haikukiona

Mwaka 1961 wataalamu walirudia hesabu ya nyumbu, safari hii wakitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na wakapata zaidi ya nyumbu 200,000. Tofauti hiyo kubwa ilitokana kwa sehemu na udhaifu wa jicho. Mtu anayekadiria kundi kubwa kwa kulitazama, hasa kwa haraka, kwa kawaida huhesabu pungufu. Picha hutulia mezani. Mnyama huhesabiwa mmoja mmoja kwa kalamu na kioo cha kukuzia. Majeshi yaliyokuwa yakipeleleza kwa ndege yalikuwa yamelijua hilo tangu Vita Kuu ya Kwanza, na uhifadhi nao ukajifunza.

Lakini palikuwa na sababu nyingine, nzito zaidi. Nyumbu walikuwa wanaongezeka kweli, na chanzo chake hakikuwa katika mipaka mipya. Tangu miaka ya 1890 ukanda huu ulikuwa ukisumbuliwa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki kutoka nje na kuua sehemu kubwa ya mifugo ya Wamaasai, Wakurya na jamii nyingine, ukafuatiwa na njaa. Ugonjwa huo uliwashambulia pia nyumbu na nyati, na kwa zaidi ya nusu karne uliendelea kuua ndama wao mwaka hadi mwaka. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wanyamapori ndio wanaoutunza ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe.

Ukweli ulikuwa kinyume. Kampeni za chanjo ya ng'ombe katika maeneo yanayoizunguka Serengeti zilipoimarika mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, zikisaidiwa baadaye na chanjo bora iliyotengenezwa na Dkt. Walter Plowright katika kituo cha Muguga nchini Kenya, sotoka ilitoweka kwa nyumbu bila mnyamapori hata mmoja kuchanjwa. Chimbuko lilikuwa kwenye mazizi. Ndama wa nyumbu waliokuwa wakifa wakaanza kukua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi ya nyumbu ilikuwa imevuka milioni 1.2. Kadiri walivyoongezeka ndivyo walivyosogea kwa wingi zaidi kaskazini kutafuta maji na majani ya kiangazi, hadi uvukaji wa Mto Mara ukawa tukio kubwa linaloshuhudiwa leo. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa rasmi kuwa huru dhidi ya sotoka.

Hapa ndipo simulizi ya Grzimek inapopata uzito wake. Daktari wa mifugo aliyepanda angani kuwahesabu nyumbu aliogopa kwamba wangetoweka kwa sababu ya mipaka mibaya na ujangili. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini wakati ndege yake ikipita juu ya mbuga, wafugaji wa ukanda huu walikuwa wakipeleka ng'ombe wao kwenye chanjo, na kwa kufanya hivyo, pasipo wao kujua, walikuwa wanawaokoa nyumbu. Serengeti ya leo ina deni kwa wote wawili: aliyehesabu na aliyechanja.

Katikati ya Vita Baridi

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Grzimek aliendelea kushirikiana na serikali mpya. Mwezi Septemba mwaka huo, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alikuwa ametoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, lililoweka wazi kwamba nchi inayozaliwa itabeba dhamana ya kuwatunza na kwamba itahitaji msaada wa wataalamu na fedha kutoka nje. Grzimek alikuwa miongoni mwa walioitikia. Maabara ya utafiti iliyopewa jina la Michael ilijengwa Banagi, na kutokana na juhudi hizo, zikisukumwa na Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa John Owen, ilizaliwa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti mwaka 1966. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilifunguliwa Mweka, mkoani Kilimanjaro, ili waafrika wenyewe washike usukani wa hifadhi zao.

Ushirikiano huo ulivuka kipindi kigumu. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, suala la uhusiano na Ujerumani Mashariki lilizua mvutano kati ya Dar es Salaam na Bonn. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliwaondoa wataalamu wa kijeshi waliokuwa wakisaidia kuanzisha kikosi cha anga cha Tanzania, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa kukataa misaada mingine ya serikali hiyo, akikataa nchi yake kuchaguliwa marafiki. Kanada ndiyo iliyochukua nafasi ya kufundisha marubani wa Tanzania. Hivyo, ndege za kijeshi zikawa chanzo cha kutoelewana, ilhali ushirikiano wa uhifadhi ulioanza na ndege ya milia ya pundamilia uliendelea.

Grzimek aliitumia televisheni kuwashawishi Wajerumani kutembelea Afrika Mashariki, akiamini kwamba mnyama anayeleta mgeni na fedha ana nafasi kubwa zaidi ya kuachwa hai. Alihariri ensaiklopidia ya wanyama yenye juzuu 13, na kuanzia mwaka 1970 hadi 1973 alikuwa mshauri maalumu wa serikali ya Ujerumani Magharibi kuhusu hifadhi ya mazingira.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt akiwa na umri wa miaka 77, alipokuwa amewapeleka watoto kutazama maonesho ya sarakasi. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya mwanawe, kwenye ukingo wa Ngorongoro.

Urithi unaoendelea kuruka

Njia ya kuhesabu kwa ndege haikuishia kwa akina Grzimek. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mike Norton-Griffiths, aliyefanya kazi Serengeti, aliandika mwongozo wa kuhesabu wanyama kwa ndege uliotumika katika nchi nyingi za Afrika. Njia hiyo hujulikana kitaalamu kama safari za ndege za upelelezi kwa mpangilio. Jina hilo lenyewe linabeba kumbukumbu ya asili yake ya kijeshi: mistari sambamba, kimo kinachodhibitiwa, ukanda wa kutazama uliowekewa alama kwenye nguzo za bawa, na picha kwa makundi makubwa.

Leo sensa hizo husimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1980, kwa kushirikiana na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) na wadau wakiwamo FZS. Umuhimu wake ulidhihirika pale hesabu za anga zilipoonesha kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Bila takwimu hizo, ukubwa wa ujangili ungebaki kuwa jambo la kubishaniwa. Kwa takwimu hizo, hatua kali za kuukabili zilichukuliwa.

Ardhini nako somo la sotoka halijapitwa na wakati. Vijiji vya Tarime kama Kegonga na Gibaso, na vile vya Wilaya ya Serengeti vinavyozunguka Mugumu na Robanda, vinaishi bega kwa bega na wanyamapori. Masuala ya alama za mipaka, malisho, tembo wanaoingia mashambani na afya ya mifugo ndiyo yanayogusa maisha ya kila siku huko. Kuwapo kwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, inayowawezesha wanavijiji kunufaika na utalii katika ardhi yao, ni ushahidi kwamba fikra ya uhifadhi imebadilika tangu zama ambazo jirani wa hifadhi alitazamwa kama adui wake.

Bernhard Grzimek aliipa Serengeti idadi, ramani na jina linalofahamika duniani kote, naye akampoteza mwanawe katika kazi hiyo. Mchango huo utaendelea kuheshimiwa. Hata hivyo nyumbu wanaovuka Mto Mara kila kiangazi wanathibitisha jambo ambalo hesabu ya mwaka 1958 haikuweza kulionesha: usalama wao ulianzia kwenye afya ya ng'ombe wa mfugaji aliye ng'ambo ya mpaka. Ndege itaendelea kuhitajika ili kujua wanyama ni wangapi. Kujua watabaki wangapi kutategemea jinsi hifadhi na wananchi wa Mara wanavyoishi pamoja.